Mabaharia wa Mama Derrick

Watu wa Naitiri walianza kumwita Sellah "Mama Ivy" bila kufanya mkutano wowote. Aliyeanza ni Jelimo, muuza unga, akafuata jirani wa ng'ambo ya barabara, jina likafika kanisani, na kabla mvua za mwaka ule wa 2006 hazijashika vizuri, jina la "Mama Derrick", alilolibeba tangu alipomzaa kifungua mimba wake, likawa limewekwa kando kimyakimya.

Walifanya hivyo kwa huruma, na lazima niliseme hilo nisije nikawasingizia watu wema. Derrick alikuwa baharini, katika meli ya uvuvi ya wageni aliyoipanda Mombasa, na simu yake ya mwisho ilikuwa ya Krismasi. Sasa watu walikuwa wakipanda mahindi na hakuna aliyesikia lolote. Watu wakaona kwamba kumwita mama kwa jina la kijana yule ni kumtonesha kidonda, wakamhamishia kwa binti yake, Ivy, karani wa Bungoma mjini, ambaye angalau alionekana kwa macho. Asiyekuwepo na lake halipo, hata kama lake ni jina la mama yake. Lakini kuna huruma nyingine, jamani, heri utukanwe! Sellah aliitika "Mama Ivy" huku akitabasamu, kisha akaenda nyumbani, akafunga mlango, akalia kwa hasira.

Alikuwa fundi wa sweta. Alikuwa na kibanda pale sokoni, na ndani yake mashine ya kufuma iliyokuwa ikilia kutwa nzima, na watoto wa shule za karibu wote walivaa kazi ya mkono wake. Mtoto akimpita amempa mgongo, Sellah alimtambua kwa sweta kabla ya sura, akakwambia ni sweta ya mwaka gani na ni kiwiko kipi kilichotobolewa kwa kupanda mipera ya watu. Mumewe, Khaemba, alikufa watoto wakiwa wadogo, naye akawasomesha kwa uzi. Hakuwa mwanamke wa maneno mengi. Akikwambia sweta itakuwa tayari Ijumaa, basi ni Ijumaa, na ukija Alhamisi utasubiri umesimama.

Derrick alipokwenda Mombasa kutafuta kazi ya meli, mama yake alimfumia sweta nzito ya buluu, yenye shingo ndefu ya kukunja. Kijana aliipokea akicheka.

"Mathe, Mombasa ni joto bana! Hii nitavaa wapi?"

"Utavaa kwa maji. Maji ni baridi hata kama juu kuna jua."

"Sawa, nitafanya mto ya kulalia."

Hayo ndiyo yalikuwa maagano yao, na baadaye Sellah aliyajutia. Angalipenda wangalisema jambo kubwa zaidi kuliko sweta.

Sasa niwaeleze habari ya picha.

Mama yake Sellah, Nafula, alikuwa yaya katika nyumba ya mzungu mmoja mwenye shamba upande wa Endebess. Katika ushoroba wa nyumba ile palitundikwa picha ya penseli, haina rangi hata tone. Ilionyesha wanaume wenye ndevu wakiwa ndani ya chombo cha majini, kamba zimening'inia juu ya vichwa vyao, na nyuma yao mistari mingi iliyoinama ambayo ungesema ni upepo. Mbele kabisa alikuwapo mmoja amelala, kichwa juu ya kamba zilizozungushwa, mdomo umefunguka kidogo, wenzake wako macho. Nafula aliifuta vumbi kila asubuhi kwa miaka mingi. Hakujua kusoma, lakini Biblia aliijua kwa masikio. Wanaume wenye ndevu wako chomboni, upepo unavuma, mmoja kalala usingizi mzito: ni nani huyo kama si Bwana Yesu siku ile ya dhoruba? Na wewe unayecheka, hebu niambie ungesema ni nani.

Uhuru ulipokaribia, mzungu akauza shamba, akawaambia wafanyakazi wa nyumba kila mmoja achague kitu. Mmoja alichukua kitanda, mwingine redio. Nafula akachukua picha. Walimcheka njia nzima mpaka nyumbani, lakini yeye aliitundika juu ya kitanda chake akaomba mbele yake hadi uzeeni, na Sellah alipoolewa akampa aende nayo. Kisha watu wa Naitiri wakajenga kanisa lao la mabati, nalo halikuwa na pambo lolote ila kalenda ya duka la mbolea, na Sellah akaitoa picha. Ikatundikwa kando ya mimbari. Watoto wa shule ya Jumapili walioneshwa Yesu amelala, wakafundishwa kunyamaza wasimwamshe. Pasta Wekoye aliihubiria mara nyingi kiasi kwamba wengine walianza kuijua hotuba kuliko yeye.

Tangu simu za Derrick zilipokatika, Sellah, ambaye kama mwenyekiti wa akina mama alikuwa na ufunguo wa kanisa, aliingia humo mchana peke yake, akasimama mbele ya yule aliyelala, akamwambia, "Amka." Ndiyo yaliyokuwa maombi yake yote. Jina la mwanawe hakulitaja kwa sauti, na Jumapili Pasta alipowauliza watu mahitaji yao, Sellah aliombea mvua, akaombea wagonjwa, akaketi. Aliwajua watu wake. Ukitaja kanisani jina la kijana aliyenyamaza, kabla wiki haijaisha mtu atakuuliza viti vya matanga mtavitoa wapi. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, na Sellah hakutaka kuwa yeye wa kuuanzisha mshindo huo.

Wakati wa palizi ulipiga upepo wa mvua jioni moja, mlango wa kanisa ukajibamiza ukutani, picha ikaanguka. Kioo kikavunjika vipande na fremu ikaachia pembeni. Akina mama wakaokota vigae, wakasema kwa pamoja jambo ambalo watu wa sehemu zile wote wangesema: peleka Kitale kwa Gathii.

Gathii alikuwa mzee wa fremu. Wazazi wake walitoka upande wa Nyeri wakahamia Trans-Nzoia wakiwa vijana, naye hakujua kwao kwingine. Kibanda chake cha mbao kilikuwa kwenye barabara inayoteremka kuelekea Kipsongo, na kuta zake zilijaa harusi za watu, mahafali ya watu, na maaskofu wawili watatu. Alikuwa na desturi moja iliyowaudhi wateja wenye haraka. Hakufunga kioo juu ya uso wa mtu kabla hajaambiwa jina lake. "Kioo ni mlango," alizoea kusema. "Mimi sifungii mtu ndani kama simjui." Ukimharakisha, aliweka nyundo chini akaanza kunywa chai.

Basi Sellah alipoifungua kanga na kumwekea picha mezani, mzee akavaa miwani.

"Ni akina nani hawa, mama?"

Sellah alishangaa aulizwe. "Si unaona ni Yesu na wanafunzi? Huyu mwenye kulala ni Yesu. Huyu ni Petro, huyu ni Yohana. Huyu ni Andrea."

"Na huyu mwenye kofia?"

"Huyo ni Mathayo. Si alikuwa mtu wa ushuru? Watu wa ushuru huvaa kofia."

Gathii akatikisa kichwa kukubali, maana hilo lilikuwa na mantiki, akaigeuza picha akaanza kung'oa misumari. Ilikuwa misumari ya zamani, yenye kutu, ikitoka kwa kulia. Akaondoa ubao wa nyuma. Ndani palikuwa na kadibodi nene iliyokatwa dirisha katikati, na picha ilichungulia kwenye dirisha hilo. Nani aliikata kadibodi ile, hatujui, na hatutamsingizia mtu. Gathii alipoiinua, karatasi ikawa kubwa kuliko walivyoijua, na upande wa chini ukatokea ukanda mpana ambao haukuwa umeona mwanga miaka na miaka, bado mweupe.

Wote wawili wakainama.

Petro alikuwa ameshika kiko. Katikati ya miguu ya Yohana palikuwa na chupa. Wote walikuwa peku, nyayo zao juu ya mbao za meli, na pembeni mtu alikuwa ameandika mwaka kwa penseli: 1852. Na chini kabisa, kona ya kushoto, mahali kadibodi ilipokuwa imemfunika mzima mzima, aliketi mtu mweusi. Penseli ilikuwa imetiwa giza usoni mwake kwa makusudi, si kivuli. Alikuwa na karai katikati ya magoti, kisu mkononi, anamenya viazi, naye alikuwa amemtazama mchoraji moja kwa moja akicheka meno yote nje.

"Ngai!" Gathii alisema. "Kumbe hata huko kuna waru!"

Sellah hakucheka. Mzee akaona, akaishusha sauti.

"Mama, hawa si wanafunzi. Hawa ni watu wa meli tu. Mabaharia. Ona hata mwaka. Yesu alikuwa ameenda mbinguni kitambo."

Sellah alitafuta mahali pa kukaa, akakalia ngazi ya mzee. Kwanza aliona haya, haya ya kuwazia kanisa zima na watoto waliofundishwa kunyamaza. Kisha ikaja hasira. Miezi yote hii alikuwa amesimama mbele ya mtu asiyemjua, labda mlevi, akimwomba aamke. Kama huyu si Bwana, yale maneno yake yalikwenda wapi? Aliona kana kwamba Derrick ameachwa bila mlinzi, na kwamba ni yeye mama yake aliyekosea mlango wa kubisha.

"Rudisha hiyo kadibodi," alisema. "Funga vile ilikuwa."

"Naweza kufunga. Lakini huyu wa waru nishamuona. Anaitwa nani?"

"Mimi nitajua wapi?"

"Basi siwezi kumrudisha huko chini hivyo hivyo. Si vizuri, mama. Mtu amekaa kwa giza hiyo miaka yote, ametoka leo, unamwambia rudi?"

"Mzee, wewe uko na kichwa ngumu."

"Hata bibi yangu Wakonyo alikuwa anasema hivyo, Mungu amlaze pema. Nenda ufikirie. Kuja Alhamisi."

Sellah alikwenda zake bila kuaga, jambo ambalo si tabia yake.

Hakwenda Naitiri. Alikwenda Bungoma kwa Ivy, maana mtu akiwa na jambo la aibu huanza kuwaeleza wa nyumbani. Ivy alikuwa amepanga chumba karibu na soko. Alimpikia mama yake chai, akasikiliza habari ya picha hadi mwisho, na kinyume cha matarajio hakucheka. Alikaa akizungusha kikombe. Halafu akainuka, akatoa bahasha chini ya godoro.

"Mum, usikasirike. Derrick alinitumia hii kabla waondoke Mombasa. Ilikuwa kadogo, nikaipeleka studio wakaifanya kubwa. Nilikuwa nafikiria tuweke fremu. Ikae tu nyumbani."

Sellah aliitazama bahasha kabla ya kuifungua, akaujua ukubwa wake. Kila mtu pande zile anaujua ukubwa huo. Ndiyo picha inayotangulia jeneza, ndiyo inayowekwa kwenye meza yenye kitambaa cheupe na maua ya plastiki.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna mtu. Lakini Mum, watu wananiuliza kila siku. Mimi nitawaambia nini?"

"Waniulize mimi. Mimi ndiye nilimzaa."

Alitaka kuendelea, na maneno makali yalikuwa tayari, lakini alimwona binti yake anauma mdomo wa chini vile alivyokuwa akiuuma utotoni, akajua kwamba na huyu naye amechoka kungoja. Dada naye ni mtu. Sellah akamshika mkono, wakakaa hivyo, chai ikapoa.

Baadaye akaitoa picha. Derrick amesimama, mlingoti wa meli umetokea nyuma ya bega lake, jasho linang'aa kwenye paji la uso. Na katika joto lile la Mombasa, ambapo watu wengine nyuma yake walikuwa wamevaa fulana tu, yeye alikuwa amevaa sweta ya buluu, shingo imekunjwa vizuri mpaka chini ya kidevu.

Sellah aliitazama sweta ile kwa muda mrefu. "Aliivaa," alisema. Ivy hakuelewa, na mama yake hakueleza. Alitia picha mkobani, akasema ana safari ya Kitale Alhamisi.

Alhamisi alimkuta Gathii amekwishasafisha karatasi kwa brashi laini na kukata kioo kipya. Sellah alimsalimu vizuri safari hii, akamwomba waipeleke picha mlangoni kwenye mwanga. Akainama akaanza kuisoma kwa macho ya kazi yake.

Kile alichokuwa akikiita kanzu ya Yesu, maisha yake yote na maisha ya mama yake, kilikuwa sweta. Aliona sasa ukingo wa mistari unaobana kiunoni, aliona mikono ilivyounganishwa begani. Kwenye kiwiko palikuwa na tundu lililozibwa kwa uzi mzito kuliko ule wa awali, na mchoraji, Mungu ambariki popote alipo, alikuwa amelichora tundu lile uzi kwa uzi. Mtu fulani alikaa mahali, akalitazama lile tundu, akaenda kutafuta uzi. Kisha Sellah akamwendea yule wa viazi. Sweta yake ilikuwa kubwa, mikono imekunjwa mara nyingi, mabega yameshuka.

"Hii ilifumwa na mtu hakuwa na yeye karibu," alisema. "Alikuwa anakisia. Ukikisia, unaweka kubwa, kwa sababu huwezi jua mtoto amefika wapi."

"Hao wote walikufa, mama," Gathii alisema kwa upole.

"Najua. Lakini siku hiyo walikuwa wazima. Na kuna mtu alikuwa mahali anawangoja, hajui wako wapi."

Hasira ilikuwa imemtoka bila yeye kujua imetoka lini, ikabaki huruma tupu iliyomjaa kifuani. Alikuwa amewaomba hawa watu miezi yote. Kumbe wao ndio waliokuwa wa kuombewa! Walikuwa watoto wa watu, wako peku juu ya maji, mmoja kachoka kalala, mmoja anapika.

Akatoa picha ya Derrick mkobani, akamwonesha mzee. Gathii aliitazama, akaitazama na ile ya mabaharia, akaelewa kila kitu bila kuambiwa, maana mtu hafanyi kazi ile miaka yote bila kujua kwa nini watu huleta picha.

"Anaitwa nani?"

"Derrick. Derrick Simiyu." Ilikuwa mara ya kwanza tangu Krismasi kulitamka mbele ya mgeni.

"Basi huyu wa waru si tumuite Derrick? Jina lipate mtu, mtu apate jina. Kwetu hakuna shida. Mimi mwenyewe niliitwa jina ya guka yangu, babu yangu, na yeye akiwa bado anachunga ng'ombe."

Sellah aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Apana! Kwetu hapana! Sisi tunachukua jina ya aliyekufa tunapatia mtoto. Ukichukua ya aliye hai ukapatia marehemu, wewe umemzika huyo!"

"Wooi, pole. Sikujua."

"Si neno. Hukujua." Akavuta pumzi. Ila alikuwa amekwishaanza kufikiri, na kwao kuna njia nyingine ya kupata jina, isiyomgusa aliye hai wala aliyekufa. Unatazama shambani watu wanafanya nini siku mtoto anapotokea. Simiyu wake aliitwa hivyo kwa kuwa alizaliwa kiangazi. "Huyu alitoka chini ya kadibodi wakati wa palizi," alisema. "Mtoto wa palizi kwetu ni Wanyonyi."

"Wanyonyi," Gathii akasema. Akalirudia akimtazama yule mtu wa viazi, na wote wawili wakaona kwamba halimkatai. "Na huyu wa kulala?"

"Huyo ako na jina. Mama yake analijua. Mwache alale."

Mzee akakuna kidevu. Desturi ni desturi, na hii alikuwa ameishikilia hata mbele ya watu wakubwa. Lakini akamtazama mama aliyesimama mlangoni pake, akaona kwamba jibu alilopewa ni jibu. Akakata kadibodi mpya, dirisha lake pana hadi kwenye nyayo za watu, akaishusha juu ya karatasi, kisha kioo, kisha misumari. Alipomaliza akanyoosha mkono kuichukua ile ya Derrick.

"Na hii?"

"Hii inakaa kwa mkoba," Sellah alisema. "Bado anasafiri."

Jumamosi jioni alimpelekea Pasta Wekoye picha, akamweleza yote. Pasta aliitazama kwa huzuni ya mtu anayeona hotuba zake kadhaa zikimtoka.

"Sasa, Mama Ivy, hawa watoto nitawaambia nini?"

"Waambie ukweli, Pasta. Walikuwa mabaharia."

"Na hii chupa?"

"Inaweza kuwa maji."

Pasta alimtazama. Yeye akamtazama Pasta. Picha ikatundikwa pale pale kando ya mimbari.

Kesho yake watu waliingia kanisani, wakaketi, wakaiona, minong'ono ikaanza kuanzia benchi za mbele hadi mlangoni. Watoto ndio waliomwona Wanyonyi kwanza, wakamfurahia, wakaoneshana karai. Waliofuata wakaona kiko. Muda wa mahitaji ulipofika, Sellah alisimama. Alilishika benchi la mbele yake, nami simlaumu, kwa sababu alijua anachokwenda kukifungua, na alijua kwamba kikishafunguliwa hakifungiki.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Hii picha, mimi na mama yangu tuliwadanganya, lakini na sisi tulijidanganya kwanza. Huyu si Yesu. Hawa ni watu wa meli wa zamani. Mimi nimekuwa nikimwomba huyu aamke, na yeye ni mtoto wa mtu, amechoka. Sasa nataka tuwaombee wenye wako baharini." Mtu akakohoa. "Huko kuna mtoto wangu. Anaitwa Derrick Simiyu. Tangu Krismasi sijasikia sauti yake. Sijaambiwa amekufa, na sijasema amekufa. Nawaomba na nyinyi msiseme. Mkisikia habari mtaniletea. Mpaka siku hiyo, mimi nangoja, na sitaki ningoje peke yangu."

Akaketi. Kisha Pasta Wekoye, ambaye hakuwa amejiandaa, akaomba maombi mafupi kuliko yote aliyowahi kuomba mbele yao, akawataja walioko majini, akamtaja Derrick kwa jina, watu wakasema amina kwa sauti, na wengine walikuwa wanalia waziwazi.

Hakuna aliyeleta habari siku hiyo. Nisiwadanganye. Ibada ilikwisha, watu wakatoka wakisalimiana, na hakuna aliyejua namna ya kumsogelea Sellah, naye akabaki nyuma akikusanya vitabu vya nyimbo. Jelimo, muuza unga, ndiye aliyerudi. Alisimama mbele ya picha, mikono nyuma, akaitazama hivi na hivi.

"Mama Derrick," alisema, "imeinama kidogo hii upande wa kulia."

Sellah alikuwa amekwishaitika kabla hajageuka. Akaweka vitabu chini, akavuta benchi, na Jelimo akamshikia asianguke alipopanda kuinyoosha.